Damu kwenye Kanzu Nyeupe

Nimechoka kuulizwa kila nipitapo Msambweni kama kidonda changu kimepona, basi acha niseme mwenyewe.

Bwana wa shamba la minazi, ambaye mimi ni karani wake, alinialika chakula katika hoteli ya wazungu kule Diani. Alitaka kunipandisha cheo. Nilifika hoi kwa baiskeli, nikaletewa pande la nyama, na nilipolikata likatoka damu. Damu kwangu ni haramu, na kukataa chakula cha mwenyeji ni utovu wa adabu. Bwana alipogeuka kumwita mtumishi, nikalifunga kwenye kitambaa, nikalitia mfukoni mwa kanzu.

"Umeshamaliza? Mletee jingine!" akasema kwa furaha.

La pili nalo likaishia mfukoni.

Niliposimama kuaga, mkewe akapiga ukelele: "Karani anatoka damu!" Kanzu ilikuwa nyekundu ubavu mzima. Daktari aliyekuwa akila meza ya jirani akanilaza sakafuni, nami kwa uchovu na haya nikafumba macho. Akatia mkono mfukoni, akafungua kitambaa.

"Huyu mzima," akawatangazia wote. "Aliyeumia ni ng'ombe."