Siku Kumi na Tisa Bila Bima

Bima ya mama yangu iliisha siku ya Jumanne, na mimi nilijua. Siwezi kusema nilisahau. Alipoomba viza ya kuja Stockholm alitakiwa awe na bima ya matibabu ya siku tisini, tukakata ya siku tisini kamili. Kisha mtoto wangu wa kwanza akazaliwa kwa upasuaji, nikamwombea mama kibali cha kukaa zaidi, akakipata. Bima haikujiongeza yenyewe. Ilikuwa kazi yangu kuiongeza, kwa simu tu, nikiwa nimekaa kwenye kochi na mtoto begani.

Fomu haikuwa ndefu. Nilijaza yote nikakwama kwenye swali moja: je, anayekatiwa bima ana maradhi ya muda mrefu? Mama ana presha. Nikisema ndiyo, huenda wakamkataa. Nikisema hapana, ni uongo, na siku akiugua watautumia kukataa kulipa. Kwa hiyo sikusema kitu. Nilifunga ule ukurasa, nikaufungua, nikaufunga tena. Nilisimama dirishani nikatazama magari yaliyoegeshwa, kana kwamba jibu lingeshuka kutoka mojawapo. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini yangu iliniumiza miguu, maana sikutulia. Nilivaa koti, nikamsukuma mtoto kwenye kigari chake hadi kituo cha mtaa wetu, Norsborg, pale treni zinapoishia, nikageuka nazo, nikarudi nyumbani, nikavua koti. Mume wangu alikuwa kazini kaskazini na alirudi wikiendi tu, na akiuliza habari za bima nilimjibu kwamba naishughulikia.

Mama aliuliza mara moja.

"Ile bima imekwisha?"

"Imekwisha, Mama. Nitakata nyingine wiki hii."

"Kwa hiyo sasa niko bila bima."

"Siku mbili tatu tu."

Jioni ile aliongea kwa simu na mdogo wake, mjomba wangu aliyeko Marekani. Mjomba anaishi katika jimbo ambako mtu asiye na bima ya afya hutozwa faini pamoja na kodi yake ya mwaka, na yeye imeshampata. Alimsimulia mama kwa kirefu, kwa sauti ya mtu ambaye uchungu haujamtoka. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia nusunusu, nikapuuza. Marekani ni Marekani. Hapa Uswidi hakuna faini ya namna hiyo. Ilikuwa sentensi moja tu, na ningemwambia mama kama ningejua kwamba anaihitaji.

Lakini mama aliuza vitenge Kigoma kwa miaka zaidi ya thelathini, na watu wa kodi anawafahamu kuliko mimi. Sokoni kwao walikuwa na desturi yao. Gari la watu wa mapato likionekana kule juu, mwenye duka la kwanza anamtuma mtu duka la pili kuomba chenji, ndiyo ishara yao, wa pili anatuma kwa wa tatu, na kabla wageni hawajashuka garini nusu ya maduka yamefungwa. Wenyewe wamo ndani, gizani, kimya, na wenye watoto wamewapa ziwa wasilie. Zamani mama alitusimulia hayo huku akicheka, nasi tulicheka naye.

Wiki moja baada ya bima kuisha, ikaja barua. Hapa Uswidi ofisi ya kodi ndiyo inayoandikisha watu, anayezaliwa, anayehama, anayefunga ndoa, wote. Barua ile ilithibitisha jina la mtoto wangu, nililokuwa nimechelewa kulipeleka kama ninavyochelewesha kila kitu. Aliyeiokota mlangoni ni mama. Alama ya ile bahasha aliitambua, maana iliwahi kuja nyingine, akaniuliza imetoka kwa nani, nami nikamjibu harakaharaka, "Hao watu wa kodi, Mama." Sasa hakuniuliza. Aliificha sandukuni chini ya nguo zake, akafunga duka.

Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilichoona ni kwamba mama amebadilika. Alivuta mapazia mchana kweupe. Aliacha kwenda kanisani Tumba, eti magoti yanamsumbua. Kengele ya mlango ikilia, aliinua kidole kunikataza nisiitike, na mimi nilidhani ni uzee. Kikohozi kilipomshika alikwenda bafuni, akafungulia bomba, akakohoa humo.

Nilimsikia. Bomba la Norsborg halina kelele kiasi hicho. Nilisimama nje ya mlango, nikamuuliza, "Mama, uko salama?" Akajibu, "Niko salama, ni baridi yenu hii." Jibu hilo nililipokea kwa mikono miwili, nikaondoka mlangoni kwenda kuhangaika kwingine.

Siku ya kumi na tisa jirani yetu wa ghorofa ya chini alinikuta kwenye chumba cha kufulia cha jengo, katika zamu yangu. Ni mama mmoja wa Uvira, ng'ambo ya ziwa letu la Kigoma, mwenye Kiswahili cha kwao, na yeye na mama yangu walikuwa wamependana tangu siku ya kwanza. Alishuka bila kikapu cha nguo, kwa hiyo nilijua ana neno.

"Dada, mama yako iko mugonjwa," alisema. "Hapana mafua. Akipanda ngazi mbili anasimama, anatafuta pumzi."

"Mbona hajaniambia?"

"Iko naogopa batu ba kodi. Anasema walituma barua, batakulipisha faini weye, juu yeye hana bima. Anasema uko na mtoto muchanga, hataki akuongezee muzigo. Alinikataza nikuambie. Basi mimi nakuambia."

Niliacha mashine ikizunguka, nikapanda mbio. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu imevimba hadi ndara hazimwenei. Nilishikwa na hasira. Niliwakasirikia mjomba na barua yenyewe, na mama kwa ukimya wake. Ilikuwa hasira ya kijinga, ile ya mtu mwenye hatia.

"Vaa koti, Mama. Tunakwenda hospitali."

"Sina bima, mwanangu."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia kwa ukali, nikaona uso wake, nikajuta.

Jirani alibaki na mtoto. Teksi ilitupeleka Flemingsberg. Mapokezi muuguzi aliuliza namba ya utambulisho ya mgonjwa, nikamweleza kwamba ni mgeni, hana namba ya hapa, na bima yake imekwisha. Hakushangaa. Alianza kuandika. Mama hajui Kiswidi, lakini kuandikwa anakujua. Aliegemea kaunta, akaweka pasipoti yake mbele ya muuguzi, akaniambia huku akihema, "Mwambie aandike jina langu. Hiyo faini iwe yangu. Wewe asikuandike."

Muuguzi aliniuliza mama anasema nini. Nilishindwa kutafsiri. Nikamwambia anauliza kama tutasubiri sana.

Hatukusubiri. Moyo wake ulikuwa umechoka na maji yamejaa mapafuni. Daktari alisema ni vizuri tumefika, kisha akauliza dalili zilianza lini. Nikamjibu kwamba sina hakika. Walimlaza. Bili ilikuja baadaye na tunailipa, na hiyo sio iliyoninyima raha.

Siku ya tatu, alipoweza kuketi, nilimpelekea ile barua niliyoikuta sandukuni. Nikaifungua mbele yake, nikamwonyesha jina la mjukuu wake. Nikamweleza kwamba nchi hii haimtozi mtu faini kwa kukosa bima, wala yeye, wala mimi. Alilisoma jina mwenyewe, herufi moja moja, akatabasamu.

"Kwa hiyo nilijificha bure," alisema.

"Bure, Mama."

Akaikunja barua taratibu kwa mistari yake ileile.

"Mimi nilikuwa naogopa kodi," akasema. "Wewe ulikuwa unanisikia bafuni. Wewe uliogopa nini?"

Hakuuliza kwa ukali. Angeniuliza kwa ukali ningejitetea, maneno ninayo mengi. Nilimwambia kweli: kwamba kila aliponijibu ni baridi tu, nilishukuru, kwa sababu siku hiyo isingenilazimu kufanya lolote.

Alirekebisha mpira wa oksijeni puani.

"Ulikuwa umechoka," akasema. "Mzazi aliyepasuliwa huchoka. Wakikuuliza, waambie mama hakusema."