Mguu wa Nane

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwa Mama Pini ni mdomo wake. Akiwa kazini, pini sita au saba huwa zimebanwa katikati ya midomo, vichwa vikiwa nje, na mteja akiuliza jambo hujibiwa kwa nyusi, kwa mabega au kwa kichwa. Mtaani husemwa kwamba huyo ndiye fundi cherehani pekee asiye na umbea, maana mdomo wenyewe angeufungulia wapi? Zamani aliucheka utani huo. Kwa miezi minne sasa, haumchekeshi.

Mambo yalianza na filamu. Kijana mmoja aliyetoka chuoni alikata shauri kutengeneza filamu ya kutisha na kuchekesha. Buibui wenye sumu wanauvamia mji mdogo, na meya anakataa kusadiki mpaka wamfikie magotini.

"Shangazi, nataka buibui wadogo arobaini," alimwambia Mama Pini, "na mama yao, mkubwa kama gari."

"Gari gani?"

"Haya, kama pikipiki."

Mama Pini akashona. Wadogo aliwajaza mabaki ya sponji. Yule mkubwa alimvika kitambaa cheusi chenye manyoya, na ndani yake wakaingia muuza nyama na shemeji yake, mmoja mbele, mwingine nyuma, wakigombana njia nzima nani anamkanyaga nani. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mama Pini hakuwahi kuifurahia kazi kiasi kile.

Siku ya kupiga tukio kubwa, mbwa wa jirani alimwona buibui ameanikwa uani, akaona ni wajibu wake kuutetea mtaa. Akautafuna mguu mmoja mpaka ukabaki nyuzi. Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Waigizaji walikuwa wamesimama barabarani, wingu limetanda, na yule kijana mwongozaji anagonga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Shangazi, mvua hiyo inakuja! Buibui ana miguu saba! Watu watahesabu!"

Kando ya meza ya kupigia pasi palikuwa na kapu. Ndani yake dobi wa mtaa alikuwa ameweka, asubuhi ile ile, nguo safi za mama mkwe wake Mama Pini. Juu kabisa ilikunjwa shali nyeusi ya sufu, yenye manyoya, ambayo marehemu baba mkwe aliinunua safarini na mama mkwe akaizungushia ukingo wa uzi mwekundu kwa mkono wake.

Hakuichukua kwa kukosea. Hilo ndilo linalomuuma hadi leo. Alijua ni ya nani, akachukua mkasi, akaukata mguu kutoka humo, ukingo mwekundu na wote. Alijiambia kwamba jioni angefumua, aunganishe, apige pasi, na Mungu angemsitiri. Lakini katika tukio lile meya aliukata mguu wa nane kwa shoka, akautupa motoni, na mwongozaji akaruka kwa furaha.

Siku ya tatu mama mkwe aliingia kibandani mwake mwa kushonea.

"Mwanangu, shali yangu siioni. Dobi anaapa aliiacha hapa, kwenye kapu. Wewe uliiona?"

Pini zilikuwa mdomoni. Mama Pini alitikisa kichwa: hapana. Jambo lenyewe lilichukua muda wa kufumba na kufumbua.

"Basi," mama mkwe akashusha pumzi. "Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka tisa namwamini."

Mama mkwe akamtangaza dobi kuwa mwizi mbele ya majirani, na nguo akaacha kumpa. Nyumba nyingine mbili zikafuata. Wanasema majuto ni mjukuu. Ya Mama Pini yalizaliwa yakiwa na meno kabisa. Akawa anampelekea dobi vitambaa vya kibandani ili asikose kazi.

"Mama Pini," dobi alimwuliza siku moja, akikigeuza kitambaa juani, "hiki hakijaguswa hata na vumbi. Unataka nifue nini, rangi?"

"Kifue tu, dada."

"Nitakifua. Ila mbona unaniangalia kama unayeniaga?"

Mama Pini aliondoka mbio, kama amesahau pasi kwenye moto.

Kisha tangazo likabandikwa: filamu ingeonyeshwa Jumamosi saa kumi alasiri, katika ukumbi wa shule. Hakuna aliyefurahi kuliko mama mkwe. Alifuta miwani, akaomba viti vya mbele, akamwambia kila mpita njia, "Nakwenda kuwaona buibui wa mkwe wangu. Nataka niuone kila mshono!"

Kila mshono, na ukingo mwekundu.

Jumamosi saa sita mchana Mama Pini alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kijimto chake cha pini, hadi ya mwisho. Akasema yote. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho.

"Mguu upi?"

"Wa nane, mama. Wa nyuma, kushoto."

"Ule unaosema ulikatwa?"

"Huo huo."

Bibi akavua miwani.

"Shali nitaililia mwenyewe. Lakini mimi nimemwita mwenzangu mwizi mbele za watu, na wewe umekaa hapo umejaza pini mdomoni."

"Ndiyo, mama."

"Usiniitikie ndiyo. Vaa viatu."

Dobi walimkuta uani kwake akikamua shuka, majirani wamejaa kwenye vizingiti. Mama mkwe aliomba radhi kwa sauti ile ile aliyomtangazia wizi. Mama Pini naye akasimulia, kapu, mkasi, shoka na moto, kila mtu akisikia. Mmoja aliguna, mwingine akasonya. Dobi hakuacha kukamua.

"Miezi minne," alisema hatimaye.

"Nisamehe, dada."

"Maneno yako nimeyasikia." Akaitandaza shuka kambani, akabaki nyuma yake. "Na hilo libuibui lenu, linatisha?"

"Linachekesha zaidi, wanasema," mama mkwe akajibu. "Tumekuwekea kiti. Katikati yetu."

"Nina shuka za watu hapa."

Hakusema atakuja. Hakusema haji.

Saa kumi ukumbi ulifurika hadi madirishani. Mwongozaji, jasho likimtiririka, alipita safu ya mbele akitafutia wageni nafasi.

"Shangazi, hiki kiti kina mtu?"

"Kina mtu," Mama Pini akasema, kwa mdomo mtupu.

Taa zikazimwa. Kwenye pazia, buibui wa kwanza akashuka polepole juu ya kofia ya meya, na watu mia mbili wakapiga yowe, kisha wakaangua kicheko. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa ameigeuzia picha mgongo, macho mlangoni.

"Mguu wangu unatokea saa ngapi?" alinong'ona.

"Dakika ya hamsini, mama."

"Basi bado kuna muda," bibi akasema, akaweka mkono juu ya kile kiti kitupu.