Siku Mama Mkwe Aliposugua Gitaa Langu

Mama mkwe alikuja kukaa nasi Tononoka mwaka jana, akitokea bara, kutibiwa macho. Si mtu wa kukaa bure. Hata mizigo yake hajaifungua vizuri, alikuwa ameshasugua sufuria zangu zote, pamoja na zile nilizokwisha kuzikatia tamaa. Mimi hufanya kazi katika ofisi ya wakala wa mizigo ya bandarini na hurudi jioni nimechoka, kwa hiyo nilimshukuru Mungu.

Kanisani mimi ndiye mpiga gitaa la besi, na hewa ya Mombasa haina huruma na chombo kama hicho. Chumvi na jasho la mikono huganda chini ya nyuzi, ubao wa shingo ukafanya utando mweusi, na vile vyuma vyembamba vilivyokingama juu yake, ambavyo sisi huviita freti, vikaota ukijani. Kila ninapobadilisha nyuzi huusafisha ubao: kitambaa kikavu, mswaki wa zamani kando ya freti, kisha mafuta kidogo. Maji hayafiki hapo.

Juma moja nilikuwa nimevua nyuzi kuukuu, nikaliacha gitaa mezani nikingoja kununua mpya. Niliporudi kutoka kazini nililikuta barazani, limeegemezwa ukutani, linachuruzika maji.

"Nimekusugulia," mama mkwe aliniambia kwa furaha. "Lilikuwa na uchafu, mwanangu! Nimetumia sabuni na ile waya ya sufuria. Sasa hata ukisimama nalo mbele za watu huaibiki."

Ubao uliokuwa na rangi ya kahawa ulikuwa umepauka kama mguu usiopakwa mafuta. Mikwaruzo ilikwenda kila upande. Unga wa waya ulikuwa umenata kwenye sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, umesimama kama ndevu.

"Asante, Mama," nilisema. Nikaingia chumbani, nikaketi kitandani. Machozi yalinilenga, nikaona haya kulilia mbao. Kwetu mtu hamkemei mama wa mumewe, na hata ingekuwa ruhusa nisingejua nianzie wapi.

Mume wangu aliporudi alilitazama gitaa, kisha akanitazama mimi. "Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Usithubutu."

Jumamosi nilikaa sebuleni na selotepu, nikiibandika kwenye sumaku na kuibandua, kila mara ikitoka na unga mweusi. Mama mkwe alikuwa akichambua mchicha. Akaacha.

"Unafanya nini hapo?"

"Natoa unga wa waya, Mama."

"Niliutia mimi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na huo weupe wa ubao?"

Niliona nikidanganya sasa itabidi nidanganye mpaka siku atakayosafiri. "Ni maji. Mti huu hautaki maji wala sabuni."

"Ungeniambia siku ile ile," alisema. "Mimi si yai."

Akanawa mikono, akaja kuketi karibu nami, akauliza mti huo unataka nini basi. Nikamwonyesha kichupa cha mafuta ya cherehani. Aliilaza shingo ya gitaa mapajani mwake akaishika isitikisike, nami nikapaka matone machache kwa kitambaa. Ubao ukayanywa yote. Nikarudia. Yeye alitaka nimimine kama anayempaka mtoto mchanga.

"Kidogo tu, Mama. Yakizidi vidole vitateleza."

Tukayafuta yaliyobaki. Rangi ilirudi, ingawa si yote, na mikwaruzo ikabaki. Jambo ambalo sikulitarajia ni freti: zilikuwa laini na zinang'aa kuliko siku niliyonunua gitaa. Nilimwambia hivyo, kwa kuwa ilikuwa kweli, na akatabasamu.

Jioni hiyo nilinunua nyuzi mpya nikazifunga, na Jumapili alikwenda nami kanisani, akaketi benchi la mbele karibu na spika. Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa miguu nilimuuliza ameonaje.

"Kinanda kilikuwa kizuri. Na ngoma. Lakini wewe ulipiga wakati gani?"

Nikamweleza kwamba besi haitangulii kama kinanda. "Ni ile iliyokuwa ikitetemesha benchi lako."

"Ile?" Akasimama. "Mimi nilidhani lori linapita nje."

Jumapili iliyofuata aliketi pale pale mbele. Wimbo ulipoanza nilimwona ameweka kiganja juu ya benchi, kichwa amekiinamisha, anasikiliza.