Presha ya Saa Moja Asubuhi

Zabroni aliunguzwa na mvuke saa moja asubuhi kwenye usini, kiwanda cha mawese, huko Gatete, mkono wa kulia mpaka begani. Alikuwa bado hospitali barua ya kumwachisha kazi ilipomfikia: rekodi ya oridinateri, ile kompyuta ya kupimia mvuke, ilionyesha presha ya kawaida saa hiyo, kwa hiyo yeye ndiye aliyefungua valvu ovyo.

Dada yake, Agneta, aliisoma mara mbili. Kilichomkera zaidi ni kwamba ndugu yake ameitwa mzembe kwa ushahidi ambao hakuna aliyeuchunguza. Agneta alifundisha oridinateri mjini Rumonge, na asembli, lugha ya kuandikia programu za mashine, alijifunza Kigoma, ukimbizini, kwenye mashine za miaka ya themanini. Ile ya usini ilikuwa ya ukoo huohuo. Alimfuata direkteri wa usini, Jean Bosco, siku tatu mfululizo mpaka akaruhusiwa kuichapa programu yake kwenye karatasi.

Kosa alilikuta ukurasa wa pili.

"Prosesa hii inagawa kumbukumbu kwa mafungu, segimenti," alimwambia Jean Bosco. "Moja haipiti baiti 65,536. Mashine yenu inaandika baiti moja kila sekunde, basi baada ya saa kumi na nane segimenti imejaa. Programu ilipaswa kubadili rejista ya segimenti, ile namba inayoonyesha fungu la kuandikia, iendelee mahali papya. Haibadili. Inarudi mwanzo, inaandika juu ya yaliyotangulia."

"Madamu, mashine haisemi uongo."

"Siku ya ajali iliwashwa saa kumi na moja alfajiri. Wewe umeisoma kesho yake mchana. Presha uliyoiona ni ya saa saba usiku, moto wa boila ukiwa umepunguzwa. Ya saa moja asubuhi ilishafutwa."

"Hayo iko mambo ya vitabu."

Agneta aliweka kihesabio cha baiti kwenye 65,530, akamwambia atazame mwanzo wa rekodi kwenye skrini. Baada ya sekunde sita namba ya kwanza ikabadilika, kisha ya pili. Jean Bosco akavua miwani.

Barua ilifutwa wiki hiyo. Agneta aliongeza mistari mitano kwenye programu, akadai direkteri amwombe Zabroni radhi mbele ya wafanyakazi wote.

"Nitafikiria," alijibu Jean Bosco.

Mpaka leo anafikiria. Agneta akikutana naye sokoni hupita bila kumsalimu, na anayemuuliza sababu huelezwa yote, kwa sauti, palepale.