Jiko Lililokuwa Nyuma ya Wiesia

Magazeti yaliandika kwamba Wiesława Kozub alifundishwa mpira wa meza na makocha wa Warsaw. Uongo mtupu. Wiesia wetu alifundishwa na jiko, na jiko hilohilo nusura limnyime mashindano ya Tokyo na Stockholm na miaka yote aliyokuja kucheza kwa mshahara huko Ujerumani. Mimi Truda nimecheza naye tangu tukiwa na mapengo, kwa hiyo msiniletee magazeti.

Kijijini kwetu Olszyna hapakuwa na ukumbi ila ule wa kikosi cha zimamoto. Humo tulifanyia harusi, matanga, mikutano na mpira wa meza. Ulikuwa ukumbi mfupi. Upande mmoja kulikuwa na mlango wa gari la zimamoto, ambao hauzibwi hata kwa dharura ya kufa, na upande wa pili jiko la kupashia joto, la vigae vya kijani, refu kuliko mwanamume yeyote wa kijiji. Meza ilibanwa katikati. Aliyecheza upande wa jiko, akirudi nyuma hatua mbili tu, aliungua. Kovu langu lipo hapa kwenye kiwiko. Basi upande ule waliachiwa wadogo na wasio na sauti, na Wiesia alikuwa yote mawili.

Yeye alikuwa mchezaji wa kujihami. Mchezaji wa namna hiyo hurudi mbali na meza, akaungoja mpira ushuke, akaukata kwa chini na kuurudisha, tena na tena, mpaka anayeshambulia achoke na roho yake. Sijaona mkono uliokata mpira vizuri kama wa Wiesia. Lakini alirudi hatua moja na nusu, basi, hapo miguu ikagoma. Alipoitwa timu ya taifa akapelekwa Yugoslavia na Bulgaria, kwenye kumbi ambazo ungeweza kupanda viazi nyuma ya meza, na kote aligoma palepale. Mipira ilimfikia kifuani ikiwa bado na nguvu zake zote. Alipigwa na wasichana ambao hawakumfikia hata kidogo.

Mwezi wa kumi kocha wa taifa akamwambia wazi: mashindano ya Ostrava, ng'ambo ya mpaka kwa Wacheki, ndiyo nafasi ya mwisho. Akishindwa mechi ya kwanza, mwingine atakwenda mashindano ya Ulaya, naye abaki na kazi yake ya kubandika soli kiwandani. Alinieleza habari hiyo tukiwa kwenye mashine, machozi yakidondokea viatu vya watu.

"Truda, kichwa kinajua kwamba nyuma hakuna kitu," alisema. "Mgongo ndio hausadiki."

Nikamburuta hadi kwa mkuu wa zimamoto, Alojzy Gawlik, mzee wa masharubu aliyekuwa akinywa chai kwenye glasi mlangoni pa ukumbi, kama kawaida yake.

"Mkuu," nikasema, "jiko livunjwe."

"Uvunjwe wewe kwanza."

"Ni kwa ajili ya Wiesia."

"Wiesia akacheze nje."

"Baridi hii inayokuja, Mkuu?"

"Si anakimbiakimbia? Atapata joto." Akaiweka glasi chini. "Sikiliza, Truda. Jiko hili nimelijenga na marehemu kaka yangu Ewald. Kila kigae alikibeba mgongoni kutoka stesheni, na kifua chake tayari kilikuwa kibovu. Leo mje na kijipira kisicho na uzito wa yai la njiwa mniambie nivunje? Toka!"

Wiesia akanivuta mkono. "Twende. Ana haki yake."

Nilimkasirikia yeye kuliko nilivyomkasirikia mzee. Mtu anazama, na bado anaomba radhi kwa maji!

Tulikwenda Ostrava kwa basi la kiwanda, nusu ya kijiji, na soseji na keki za jibini za kutosha harusi. Siku hizo kuvuka mpaka kuingia kwa Wacheki kulikuwa kumelegezwa. Mkuu naye alikuja, amevaa sare yenye vifungo vya shaba, kwa madai kwamba kikosi hakiendi popote bila mkuu wake. Akakaa kando yangu, mikono magotini.

Wiesia alipangiwa Mhungaria wa mkono wa kushoto, msichana mwenye mabega ya kupasulia kuni. Seti ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaenda. Ukishinda seti tatu, mechi ni yako, na Mhungaria alibakiza moja. Kila aliposhambulia, Wiesia alirudi hatua moja na nusu, akasimama, akapigwa.

"Mbona anasimama pale?" Mkuu akauliza.

"Jiko, Mkuu."

"Jiko gani? Hapa hakuna jiko."

"Kwake lipo."

Alitaka kunikaripia, nikaona mdomo wake unafunguka. Wakati huohuo mpira mwingine ukapigwa, Wiesia akarudi, akasimama, na kiwiko chake kikajibana ubavuni, vilevile tunavyokibana sisi sote wa Olszyna tusiungue. Mzee alikiona. Miaka yote alikuwa amekaa mlangoni na chai yake, akitazama jambo hilo na kuliona la kawaida, kwa sababu jiko lilikuwapo. Sasa aliliona bila jiko, akapauka.

Akasimama. Sauti yake imezoea kuita watu kwenye moto.

"Wiesia! Jiko nimelivunja! Nimelivunja lote! Rudi nyuma, mwanangu!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mwamuzi Mcheki alielewa kila neno, maana lugha zetu ni mtu na ndugu yake. Alikunja uso, akawaza, lakini nadhani katika sheria zake hakukuwa na kifungu kinachohusu jiko. Akaashiria mchezo uendelee.

Wiesia alitutazama, mdomo wazi. Mpira uliofuata akarudi hatua moja, mbili, tatu, nne, mpaka mgongo ukagusa uzio wa mbao, na kutoka kule akaukata. Mhungaria aliuona ukirudi, akaupiga tena, ukarudi tena. Wiesia alikuwa anacheka. Alichukua seti ya tatu, ya nne kwa jasho, na ya tano kwa vita ambayo sitaisimulia, kwa sababu nilikuwa nimefunika macho. Nililia mpaka kamasi, na sioni haya kulisema.

Njia nzima ya kurudi watu waliimba. Mkuu peke yake alikuwa akichezea vifungo vyake.

Kesho yake, baada ya misa ya Jumapili, Wiesia alikimbilia ukumbini na raketi yake, nami nyuma yake. Alifungua mlango, akasimama. Jiko lilikuwapo, limesimama zima, hata kigae kimoja hakijapata ufa.

Mkuu aliingia nyuma yetu.

"Mkuu," Wiesia alisema polepole, "ulisema..."

"Najua nilichosema." Alivua koti la sare, akalitundika msumarini. "Tangu komunyo yangu ya kwanza sijasema uongo, na sitaanzia mbele ya Wacheki. Truda, lete nyundo."

"Na kaka yako, je?" Wiesia akauliza. Machozi yalikuwa yamemjaa.

"Ewald? Huyo alikuwa hapendi kushindwa kuliko mimi. Nyundo, Truda, umeota mizizi?"

Vigae vya kwanza alivitoa kimoja kimoja kwa patasi, taratibu, akimpa Wiesia avipange kando. Kisha wanaume wengine wakaja wakiwa na mashati yao ya kanisani, na kabla ya chakula cha jioni palibaki sakafu nyeusi tu, na sisi sote weusi vilevile. Mimi tayari nilikuwa naihisi baridi ya Desemba mifupani, nikasema hivyo, hakuna aliyenijali.

Mzee alifuta masizi masharubuni. Akaenda upande wa mlango, akachukua raketi yangu, yeye ambaye hakuwahi kushika raketi maishani, akaishika kama mwiko.

"Haya," akamwambia Wiesia. "Rudi nyuma nikuone."