Marehemu Alikuwa Anapakia Alizeti

Nilishuka kijijini Busi saa nne asubuhi, mtoto mgongoni, picha ya baba yake kwenye simu. Nilitaka kitu kimoja tu: mtu wa damu yake amtazame mwanangu, aseme huyu ni wetu. Basi.

Baba yake alikuwa askari. Alikufa nje ya nchi, kwenye vita vya watu wengine, walikopelekwa kulinda amani. Jeshi halikuniambia, maana kwenye karatasi zao mimi sikuwepo. Hatukuwa tumefunga ndoa. Yeye Mwislamu wa Kondoa, mimi Mgogo na Mkristo, tulikuwa tunasubiri wazee wakae. Aliyenipigia simu ni mwenzake. Nilikuwa nyumbani Nkuhungu nafua nepi. Nilimaliza kufua, nikaanika. Sikulia siku ile wala baadaye. Watu walisema nina roho ngumu. Waseme.

Kuhusu kwao alikuwa ameniambia mambo mawili: kwamba ni Busi, na kwamba mama yake alishakufa. Nikangoja ndugu yeyote anitafute. Kimya. Mtoto alipotimiza miaka mitatu akaanza kuuliza kwa nini wenzake wana bibi wawili na yeye ana mmoja. Nikafunga mzigo.

Kwenye duka la kwanza nilitaja jina la marehemu, nikauliza nyumbani kwao. Muuza duka akanikodolea macho.

"Marehemu? Mbona yule pale anapakia alizeti."

Akamwita. Juu ya lori la magunia mwanamume akaitika. Mfupi, kichwa kikubwa, si yeye hata kidogo. Jina nililolala nalo miaka mitatu, jina nililolipigia kelele leba, likaitikiwa na mtu nisiyemjua. Akashuka akijikung'uta vumbi.

"Dada, eti mimi ndiye marehemu?" Alikuwa anacheka. Halafu akaiona picha. "Aa. Pole, shemeji. Huyo ni ndugu yangu, mama zetu ni mtu na mdogo wake."

Alinieleza tukiwa njiani kwenda nyumbani. Ndugu yake alifeli darasa la saba. Yeye alikuwa ameacha shule darasa la sita, akaenda kuchunga. Mwalimu wa kijiji cha pili akampokea yule aliyefeli arudie, kwa jina la huyu aliyeacha. Jina likafaulu, likaenda sekondari, likapata cheti, likaingia jeshini.

"Mimi nilipokwenda kuomba kitambulisho nikaambiwa ninacho tayari. Tena ni mwanajeshi. Nikawauliza, mbona sina hata buti?"

Sikucheka. Siwezi kusema mambo hayo nilikuwa siyajui. Darasani kwetu walikuwepo wasichana wawili wa namna hiyo, mwalimu akiita jina wanachelewa kuitika. Lakini wao walimdanganya mwalimu. Mimi huyu wangu nililala naye kitanda kimoja. Ulishindwa nini wewe mwanamume kuninong'oneza jina lako, hata mara moja?

Siku ya maziko, shemeji akaendelea kunieleza, askari walioleta jeneza walisoma jina lake yeye, naye amesimama palepale na wafiwa wenzake. Wakaondoka. Ndipo mwalimu wa msikiti akachuchumaa kaburini kumsomea talakini, yale maneno ya kumkumbusha maiti atakachojibu akiulizwa. Pale humwiti mtu kwa jina la cheti. Alimwita kwa jina lake na la mama yake. Kibao cha kaburi kilicholetwa na jeshi wakakificha stoo.

"Ningepitaje pale kila siku na jembe, nasoma jina langu?" shemeji akasema. "Na mama yake angekaa wapi akikiona?"

Nikasimama. "Mama yake si alikufa?"

"Aliyekufa ni wangu. Wa kwake yule pale."

Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta, anapepeta ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Shemeji akamweleza kwa Kirangi. Bibi akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama hadi kioo kikazima. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu:

"Alikwambia nini habari zangu?"

Shemeji akanikonyeza nidanganye. Nikaona uongo umetosha.

"Aliniambia umekufa, mama."

Ungo ukatulia mapajani pake. Nikajua nimeharibu, atasema chukua mtoto wako uende.

"Ndiyo," akasema. "Jeshini nilikufa. Kabla ya kujaza fomu alikuja kuniomba aandike mama yake ni marehemu ndugu yangu. Nikamwambia andika, mwanangu, mradi upate kazi." Akauweka ungo chini. "Huyu anaitwa nani, mjukuu wangu?"

Mjukuu. Neno nililolifuata safari nzima hilo hapo limesemwa, na mimi nimesimama kama gogo, nawaza basi la kurudi.

Mwanangu akajitaja kama anavyofundishwa chekechea, kwa sauti, jina lake na la baba yake. Shemeji akainamisha kichwa.

"Hilo la pili ni la huyu baba yako mdogo," bibi akasema. "La baba yako njoo nikupe."

Akamvuta, akamsemea sikioni. Mtoto akalirudia kwa nguvu, mara mbili, akifurahia lilivyo. Ndivyo nilivyolijua. Nikalijaribu kimoyomoyo, nikimwita. Halikufanana na mtu yeyote niliyewahi kuishi naye.