Adhana ya Pwani, Jua la Tabora

Yahaya bin Uwesu, fundi cherehani wa Gongoni, Tabora, alikuwa na kikohozi kilichojulikana mtaa mzima. Kila magharibi, tangu ujana wake, alipanda ngazi za mnara wa msikiti, akalitazama jua likizama upande wa njia ya Ujiji, njia ambayo wazee wake waliifuata na mizigo mabegani. Likishazama, alikohoa mara moja kusafisha koo, ndipo akaadhini. Mwezi wa Ramadhani, wanawake wa mtaa walipokisikia kikohozi humimina uji. Walipoisikia takbira huinua vikombe. Saa hawakuihitaji.

Magoti ndiyo yaliyomshinda. Alipoieleza kamati ya msikiti, katibu wake Sadiki, mwenye duka la simu, alileta kisanduku cheupe chenye laini ya simu ndani yake, kinachopokea habari kwa intaneti. Kiliadhini chenyewe kwa vipaza sauti vya mnarani. Tena kilipima maji ya tangi la udhu na kumpelekea Sadiki ujumbe yakikaribia kwisha. Na Yahaya, tuseme haki, alikishukuru. Tangu kije, hapana aliyefungua bomba la udhu akaambulia upepo. Naye alikaa chini akashona kanzu za Idi, akimsikiliza msomaji wa nchi za mbali akiadhini kwa sauti nzuri kuliko yake, bila kikohozi.

Ramadhani ilipokata nusu, umeme ulizimika adhuhuri, ukarudi alasiri. Mbingu ilifunga wingu zito la mvua. Adhana ilipolia, Yahaya alikuwa uani mwa msikiti, tende mkononi. Tumbo lake lilimwambia bado. Lakini jua halikuonekana, na mashine haichoki wala haisinzii. Akaitia tende kinywani. Kisha wakaswali.

Tabora kibla kiko kaskazini, na magharibi iko mkono wa kushoto. Imamu alipotoa salamu ya kulia, mambo yote yalikuwa shwari. Yahaya alipogeuza uso kushoto, wingu lilikuwa limepasuka, na jua limekaa dirishani, zima, wala halijagusa miti.

Imamu hakuzungusha maneno. Saumu ya siku ile imeharibika na italipwa baada ya Idi. Wajizuie mpaka jua lizame, kisha swala irudiwe.

Sadiki alimpigia muuzaji aliyeko Dar es Salaam, akarudi na maelezo. Umeme ulipokatika, kisanduku kilisahau mahali kilipo. Kilipowaka kikauliza intaneti, nayo, kwa kuwa mawasiliano ya laini ile hupitia Dar es Salaam, ikakijibu kuwa kiko huko, ambako jua hutangulia kuchwa karibu nusu saa.

"Ni jambo dogo, mzee," alisema Sadiki. "Wanalirekebisha hukohuko waliko."

"Dogo? Watu wamekula mchana wa Ramadhani kwa jua la pwani, nawe waniambia dogo?"

Yahaya alitaka kuutangazia mtaa, lakini kipaza sauti hakikuipokea sauti yake. Kilikuwa kimefungwa kwa neno la siri, na neno hilo alikuwa nalo muuzaji, ambaye sasa hapokei simu. Alikuwa akifuturu, kwa wakati wake halali.

Basi akapita nyumba kwa nyumba, akiburuta magoti, akipokea lawama kila mlango, na kila mlango akiacha agizo: kesho msile mpaka mnisikie mimi. Mwisho alifika kwa Bi Batuli, mjane aliyefunga kinyume cha shauri la wanawe, kwa kuwa hakuwa na yakini ya kuiona Ramadhani nyingine.

"Shikamoo, Bi Batuli."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukohoi siku hizi?"

Alimweleza yote. Mama yule alikisogeza kikombe kando taratibu.

"Nilijua jua bado," alisema. "Kisha nikajiambia, watu wa msikitini hawawezi kukosea. Sasa siku hiyo nitailipa kwa nguvu zipi, Yahaya?"

Yahaya alirudi msikitini akamtaka Sadiki aung'oe waya. Sadiki akasema waya ukiguswa dhamana ya kisanduku inakufa, na kipimo cha tangi kinakufa pamoja nayo. Tena muuzaji ameapa kwamba kasoro imekwisha.

Kesho yake umeme ulikatika tena, ukarudi. Yahaya aliichomeka sindano kwenye kanzu ambayo hajaimaliza, akazipanda ngazi, goti moja likimlilia jingine. Alipofika juu, kisanduku kikaadhini sikioni mwake, kwa sauti nzuri, ndefu, na kabla ya wakati.

Chini, katika nyua za Gongoni, hapana mkono ulioinua kikombe. Bi Batuli alikuwa mlangoni pake, uso ameuelekeza mnarani. Jua lilikuwa bado juu ya miti, nalo halikuwa na haraka. Yahaya akashika ukuta, kikohozi amekibana kifuani, akilingoja jua, na akijua kuwa kesho itampasa kupanda tena.